Jamii sita, jezi sita, timu moja

Swali kutoka kwa msomaji wa Tabata:

"Kaka, habari za majukumu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu la mkakati la anga za juu, la kucheza kwa zamu kwenye simu na kompyuta. Tuna jamii sita za viumbe. Kila jamii ina picha zake, bendera yake na nyongeza yake ya asilimia 10: mmoja utafiti, mwingine uchimbaji, vita, uzazi, biashara na furaha. Historia ya kila jamii nimeiandika mwenyewe, kurasa nyingi. Lakini washikaji waliojaribu wanasema ni walewale, tumewabadilisha jezi tu. Je, tupandishe asilimia zifike 50? Tuongeze historia? Au tuongeze jamii zifike kumi? Gemu lenyewe nimekutumia ulionje."

Mdogo wangu, washikaji wako wamekuambia kweli, tena kwa lugha nzuri kuliko ambayo ningeitumia mimi. Nimelicheza gemu lako jioni tatu mfululizo. Ya kwanza nilikuwa Vor'ak, wale wa vita. Ya pili na ya tatu nilikuwa Kry'nax, viumbe wa gesi. Mara zote tatu, kufikia zamu ya 30, nilikuwa nimefanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: mgodi, maabara, meli ya wahamiaji, mgodi wa pili. Kuna wakati simu iliita, niliporudi kwenye skrini ikabidi nitazame rangi ya bendera pembeni ili nikumbuke mimi ni nani.

Kwa maswali yako matatu, jibu langu ni hapana mara tatu. Ukipandisha asilimia zifike 50 utapata jamii inayoshinda na jamii inayoshindwa, zote zikifanya kazi ileile kwa kasi tofauti. Historia unayo ya kutosha, na nitairudia hapo chini kwa sababu dawa yako imo humohumo. Na jamii kumi za namna hii ni jezi kumi.

Kosa hili nalijua kwa kuwa nimelifanya. Zamani kidogo nilichora gemu la anga kwenye vipande vya maboksi, la kucheza mezani watu wanne, tukawa tunalijaribu barazani nyumbani Magomeni kila Jumapili. Mlikuwa na jamii ya wafanyabiashara iliyopata sarafu moja ya ziada kila zamu. Siku moja mpwa wangu aliicheza kuanzia alasiri hadi saa tatu usiku, akashinda, na wakati tunakusanya vipande ndipo akashtuka kwamba ile sarafu hakuichukua hata mara moja. Wapinzani wake hawakugundua. Mimi niliyetunga sheria, niliyekuwa nimekaa pale pale nikila karanga, sikugundua. Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni hicho: kama mchezaji anaweza kuisahau tabia ya jamii yake usiku kucha na gemu likaenda kama kawaida, tabia hiyo iko kwenye karatasi tu.

Kwenye bao hatuna shida hii. Wachezaji wawili, mashimo 32, kete 64, kila kitu nusu kwa nusu, tofauti yote iko kichwani mwa anayecheza. Wewe umeamua watu wasianze sawa. Ukishaamua hivyo umejitwisha mzigo: kutokuwa sawa kwao lazima kuonekane katika kile wanachokifanya kwa mikono yao kila zamu, na katika kile kinachowanyima usingizi. Na njia ya haraka kuliko zote ya kufika hapo, kwa uzoefu wangu, ni kumnyima mtu kitu ambacho wenzake wote wanacho. Nyongeza mtu anaizoea baada ya zamu tano. Upungufu hauzoeleki, unakutafuta kila zamu.

Tazama Master of Orion, gemu la 1993 lililotengenezwa na Simtex. Lilikuwa na jamii kumi, na nyingi zilijengwa kwa nyongeza kama zako: Psilon wasomi, Sakkra wanaozaana haraka, Mrrshan wenye shabaha. Nyongeza zilikuwa nono kuliko zako, kwa hiyo zilihisika. Lakini ambaye hajanitoka kichwani hadi leo ni Silicoid, viumbe wa mawe. Wao waliweza kuhamia sayari yoyote tangu mwanzo, hata yenye sumu au mionzi, ambako wenzao walihitaji utafiti mwingi kabla ya kukanyaga. Uchafu wa viwanda haukuwasumbua. Ila walizaliana kwa nusu ya kasi ya wengine. Sasa angalia swali lilivyogeuka. Mchezaji wa kawaida anatafuta sayari ya kuwaweka watu wake. Mwenye Silicoid anatafuta watu wa kuwaweka kwenye sayari zake. Ramani ni moja, vitufe ni vilevile, ila huyu anaumwa kichwa na huyu anaumwa tumbo.

Toleo la pili, la 1996, lilikwenda mbali zaidi kwenye jambo moja ninalolipenda mno. Kwa kawaida ukimaliza ngazi moja ya utafiti ulipewa uvumbuzi kadhaa uchague mmoja, mingine ukaikosa labda uinunue au uiibe kwa jirani. Jamii yenye sifa ya ubunifu ilipata yote. Jamii isiyo na ubunifu haikupewa hata nafasi ya kuchagua; ilipokea ilichopangiwa kwa bahati nasibu. Hebu fikiria kuwa huyo wa mwisho. Umeomba ngao, umepewa ghala. Unaanza kuwatazama majirani kwa jicho jingine, kwa sababu ulichokikosa kiko kwao, na sasa ujasusi na biashara, ambavyo jana ulivipuuza, vimekuwa chakula chako. Hakuna aliyemwandikia kurasa tisa kwamba "jamii hii ni ya wadokozi". Sheria imemfanya adokoe.

Upande wa kujenga, gemu la StarCraft la 1998 bado ni darasa. Si la zamu, lakini funzo linahamishika. Lina jamii tatu: Terran, Protoss na Zerg. Mtumishi wa Terran akijenga nyumba anabaki pale hadi iishe, kama fundi wa kwetu (tuseme fundi mwaminifu). Wa Protoss anafungua mlango wa nishati kisha anaondoka, nyumba inajileta yenyewe. Wa Zerg anageuka kuwa nyumba, na harudi tena. Kitendo ni kimoja, kujenga, lakini mwenye Zerg kila akiweka jengo amepoteza mfanyakazi, kwa hiyo kila jengo lina uchungu kidogo. Miaka mitatu tu kabla yake, kampuni hiyohiyo, Blizzard, ilikuwa imetoa Warcraft II ambamo binadamu na orki walikaribia kuwa pacha, tofauti kubwa ikiwa kwenye uchawi wao. Kwa hiyo usikate tamaa, hata wao walianzia ulipo wewe.

Lakini kama ningeruhusiwa kukupa mfano mmoja tu ningekupa Sword of the Stars, ya 2006, kutoka kwa Kerberos Productions wa Kanada. Humo kila jamii husafiri kwa namna yake, basi. Ili uone ukubwa wa jambo hilo, toka nje ya nyumba. Mtu wa basi la mwendokasi hapa Dar anatoka Kimara hadi Kivukoni upesi, ana njia yake, hana habari na foleni ya Barabara ya Morogoro. Ila mwambie aende Tabata Kimanga uone. Binadamu wa gemu lile ndivyo walivyo: wanakimbia kwenye njia zilizopo tayari kati ya nyota na nyota, na pasipo na njia hawana ujanja. Tarka ni bajaji, anakwenda popote kwa mwendo wake. Liir ni bodaboda: kwenye anga tupu anaruka, akikaribia nyota na mvuto wake anatambaa kama yuko Kariakoo wiki ya sikukuu. Halafu kuna Hiver. Hawa hawana mwendo wa kasi kabisa. Wanasota zamu baada ya zamu kuifikia nyota moja, lakini wakishafika wanasimika lango, na kuanzia hapo jeshi linatoka lango hadi lango mara moja, kadiri malango yalivyo na uwezo wa kupitisha.

Ukiketi na marafiki watatu mkacheza hilo, mnatazama ramani moja na kuona miji minne tofauti. Nyota iliyo jirani kwangu ni ya mbali kwako. Mpaka wangu unaoonekana uko wazi hauko wazi, kwa sababu adui yangu hana njia ya kufika pale. Na ule niliodhani uko salama una lango la Hiver. Hakuna asilimia hata moja iliyotajwa katika yote hayo.

Sasa turudi kwako, na kwenye ile historia. Nimeisoma yote. Ukurasa wa tatu umeandika, kwa mkono wako, kwamba Kry'nax walizaliwa kwenye mawingu ya sayari kubwa ya gesi, hawana mifupa, "na ardhi ngumu kwao ni kaburi". Sentensi nzuri sana. Halafu nikafungua gemu, na zamu ya 5 nikawajengea Kry'nax mgodi juu ya sayari ya mawe, wakaushukuru uongozi wangu na furaha ikapanda. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, mdogo wangu. Ulishawatunga viumbe wa kipekee, ukawaacha kwenye maandishi.

Hebu tuwatoe. Sheria ya kwanza: Kry'nax hawawezi kuishi penginepo ila kwenye sayari za gesi. Hizo zipo kweli na unazijua. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote katika mfumo wa jua letu, kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heli, haina ardhi ya kukanyaga. Kwenye ramani yako nimehesabu sayari za gesi chache sana, na kwa sasa hazina kazi yoyote, ni mapambo. Kwa sheria hii moja Kry'nax wanakuwa na ramani yao wenyewe juu ya ramani ya wengine. Vilevile hawagombanii kiwanja na mtu: Vor'ak anaweza kukaa kwenye sayari ya mawe na Kry'nax wakakaa kwenye ya gesi, nyota ileile, kama wapangaji wa nyumba moja wanaotumia uani mmoja.

Inayofuata inakuja yenyewe. Asiyekanyaga mawe hachimbi chuma, na kwenye gemu lako kila meli inataka chuma. Acha hivyohivyo, usiwaonee huruma. Wape badala yake kile ambacho sayari ya gesi inacho, yaani mafuta ya meli, na ufanye safari ndefu za jamii zote zihitaji mafuta hayo. Wengine wayapate kwa shida, kwa mitambo ghali. Kry'nax wayachote kama maji ya bomba. Sasa Kry'nax bila mteja hana meli hata moja, na mteja bila Kry'nax hafiki mbali. Jirani yake naye amepata swali ambalo hakuwa nalo: nimpige nichukue sayari zake, ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzikalia, au nimnunulie? Na Kry'nax akiona jirani anakusanya meli mpakani anaweza kufunga bomba. Hiyo ndiyo vita yake ya kwanza, na hajafyatua risasi.

Hili la jirani lishike sana. Watengenezaji wengi huishia kuuliza kama mwenye jamii anajisikia tofauti, wakasahau anayekaa naye mpaka mmoja. Kwenye Endless Space 2, iliyotoka 2017, kuna jamii inaitwa Cravers ambayo sayari ikikaliwa nayo inatoa mazao mengi mwanzoni kisha inachakaa, kwa hiyo lazima waendelee kusogea. Mwenye Cravers anajua ana njaa. Lakini na wewe jirani, ambaye hujawahi kuwacheza, unajua tangu zamu ya kwanza kwamba watakuja, na unapanga maisha yako kwa kujua hivyo. Humohumo wapo Vodyani ambao hawahamii sayari. Wanaishi kwenye meli kubwa na kukua kwao kunategemea kunyonya watu wa mataifa mengine. Kukutana na mmoja wao mapema kwenye gemu kunabadilisha mipango yote. Kry'nax wako wakipata mafuta, watu watafurahi kuwakuta jirani. Hiyo pia ni tofauti.

Mitego miwili kwenye mfano huu. Ramani ikiwapangia Kry'nax pembe isiyo na sayari ya gesi, mchezaji amekufa kabla hajaanza, kwa hiyo programu inayochora ramani ihakikishe wana mbili karibu. Na kompyuta inapowacheza Kry'nax isiwashambulie wateja wake wenyewe. Hili la pili litakukondesha. Kila jamii inayovunja sheria ya kawaida inahitaji kompyuta ifundishwe upya, vitufe vipya, maelezo mapya ya kumkaribisha mchezaji, na majaribio dhidi ya kila jamii nyingine. Ndiyo maana nasema mpunguze. Ninyi ni wawili, na nadhani mmoja wenu ana kazi ya mchana. Chukueni tatu: Kry'nax, wale wa uzazi, na mmoja wa kawaida asiye na maajabu yoyote. Huyo wa kawaida msimdharau. Mgeni anahitaji mtu wa kuanzia, na pasipokuwa na anayetembea wima hakuna atakayeona kwamba mwingine anatembea kwa mikono.

Vor'ak mwacheni kwanza, kwa sababu nyingine. Jamii ambayo wote ni wakali, jamii ambayo wote ni wajanja wa biashara: huo ni utani wa makabila uliovalishwa pembe na mkia, na kwenye utani walau pande zote mbili zinajua ni utani. Mkimrudisha Vor'ak, nataka kuona sheria gani inamfanya apigane. Labda hawezi kutengeneza kitu fulani na lazima akiteke. Hapo ukali wake utakuwa na sababu, na kuna zamu atachagua kutopigana.

Kuhusu mizani kati ya hao watatu sitasema mengi. Asilimia zinapimwa kwa kikokotoo. Sheria tofauti zinapimwa kwa kucheza, tena sana. StarCraft ilichezwa kwa mashindano miaka na miaka Korea Kusini, na sehemu ya mizani yake ilitafutwa kwa kuchora ramani mpya. Msitafute usawa wa kila dakika. Mmoja awe na nguvu mwanzoni, mwingine baadaye, mradi asiwepo anayejua ameshindwa akiwa zamu ya 10.

Jambo la mwisho ni majina na maneno, na hapa nina furaha kwa sababu mmeliandika gemu lenu kwa Kiswahili. Kwanza toeni hizo alama za ritifaa. Kwa Kiswahili kazi kubwa ya alama hiyo ni ile ya ng'ombe, na mimi kila nikisoma Kry'nax nasikia harufu ya zizi. Pili, nimeona taarifa zenu zote zinasema "wamefika", "wamejenga", "wamekasirika", kwa jamii zote sita. Jamani, tuna ngeli! Wale wa uzazi, mnaosema wana akili moja katika miili mingi, kwa nini wanaitwa "wa"? Waiteni Utando, daima kwa umoja, na programu iseme: Utando umefika. Utando umekua. Utando una njaa. Mchezaji atahisi kwamba haongei na watu, na hamjatumia hata ukurasa mmoja wa historia kumweleza. Wao wenyewe wakituma ujumbe wasiseme "sisi" wala "mimi". Viumbe wa gesi waacheni kwenye "wa", maana ni wafanyabiashara na wanataka waonekane watu. Na mnapofika Vor'ak, jaribuni majeshi yao yataje adui kwa "ki": kimekimbia, kimekufa. Someni kwa sauti. Inatisha kidogo.

Mkishamaliza, zimeni picha, rangi na majina, mpeni mshikaji asiyejua lolote acheze zamu 20, kisha mwulizeni alikuwa anahofia nini. Akisema "chuma", alikuwa Kry'nax. Akisema "sijui, nilikuwa najenga tu", rudini mezani. Fanyeni kwa karatasi na vifuniko vya chupa kabla hamjagusa programu, itawaokolea miezi.

Wale wa sita, wenye nyongeza ya asilimia 10 ya furaha, nimewafikiria usiku mzima. Nimeshindwa. Wafuteni.